Edward Tolman: Aliyeisoma hofu kwa panya, naye akakataa kutishwa

MOSHI. Mgeni anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi haelekezwi kwa majina ya mitaa. Huambiwa afuate mfongo mpaka darajani, aliache kanisa upande wa kulia, kisha apite kati ya migomba mpaka alione ghala la kahawa la chama cha msingi.

Mtoto aliyezaliwa kihambani hahitaji maelekezo hayo. Mvua za masika zikiikata njia aliyoizoea, hukatiza kwenye kihamba cha jirani na kufika shuleni kabla ya kengele. Njia hiyo ya pili hakufundishwa na mtu, wala hakuahidiwa zawadi ili aijue. Aliiokota alipokuwa akizurura na wenzake.

Namna akili inavyookota njia bila kufundishwa, na namna hofu inavyoweza kuziziba njia hizo, ni mambo yaliyomshughulisha mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Chace Tolman, kwa takriban miaka 40. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa vichochoro vya mbao na panya weupe wa maabara.

Miteremko ya Kilimanjaro nayo ina somo lake la hofu. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima huo Mei 11, 1848, alisimulia habari aliyoipata kwa wenyeji kuhusu Mangi Rengua wa Machame, aliyetuma kundi la watu wakakitazame kitu cheupe kilichong'aa kileleni, kwa matumaini kwamba huenda ni fedha.

Wengi wa watu hao hawakurudi. Aliyerejea akiwa hai alikuwa amepinda viganja na miguu, na watu wakaamini kuwa pepo wa mlima ndio waliowaadhibu. Hofu yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa maafa yalikuwa ya kweli. Lakini kilichoua kilikuwa baridi, na kilichobaki katika kumbukumbu kilikuwa pepo.

Takriban karne moja baadaye, katika maabara ya Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, jambo linalofanana na hilo lilijitokeza ndani ya kizimba cha panya. Aliyeliandika na kulipa maana yake alikuwa Tolman.

Mtoto wa mwenye kiwanda

Tolman alizaliwa Aprili 14, 1886, West Newton katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake aliongoza kiwanda cha kutengeneza kamba, na mama yake alitoka katika ukoo wa Wakweka, madhehebu ya Kikristo yanayokataa vita na kusisitiza dhamiri ya mtu binafsi.

Familia ilitazamia kwamba watoto wa kiume wangeurithi uongozi wa kiwanda hicho. Haikuwa hivyo. Kaka yake, Richard, aliyemtangulia kwa miaka mitano, alikwenda katika fizikia na kemia na kuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Marekani wa kizazi chake.

Edward naye alianza kwa kumfuata kaka yake. Alisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na kuhitimu mwaka 1911 katika fani ya kemia ya umeme. Hata hivyo, katika mwaka wake wa mwisho alisoma maandishi ya mwanafalsafa William James, na moyo wake ukahama. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard kusoma falsafa na saikolojia.

Mwaka 1912 alikwenda Giessen, Ujerumani, kujifunza Kijerumani kwa ajili ya mtihani wa shahada ya uzamivu. Huko alikutana na Kurt Koffka, mmoja wa waasisi wa mkondo wa saikolojia uliofundisha kuwa akili huona mambo kwa ujumla wake na si vipande vipande. Fikra hiyo ilibaki kwake hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1915 Tolman alitunukiwa shahada ya uzamivu, akamwoa Kathleen Drew, ambaye alizaa naye watoto watatu, na akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago.

Kazi hiyo haikudumu. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, aliachishwa. Chuo kilitaja upungufu wa mahitaji wakati wa vita na udhaifu wake katika ufundishaji, lakini Tolman mwenyewe alishuku kwamba kulikuwa na sababu nyingine, kwa kuwa alikuwa ameandika katika chapisho la wanafunzi makala ya kupinga vita. Huo ulikuwa mgongano wake wa kwanza na wakubwa kwa sababu ya msimamo. Haukuwa wa mwisho.

Vichochoro vya Berkeley

Mwaka huohuo alipata nafasi Berkeley, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi kustaafu. Alianzisha somo la saikolojia ya wanyama na kujenga mizingile ya panya.

Mzingile ni mfumo wa vichochoro vyenye njia panda nyingi. Vipo vinavyoishia ukutani na kipo kinachofika kwenye chakula. Mtafiti humweka panya mlangoni, kisha huhesabu makosa na kupima muda anaoutumia kufika. Mzingile wa kwanza wa panya ulitumika Marekani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo Tolman hakuubuni. Alichofanya ni kuuliza swali jipya kwa chombo cha zamani.

Wakati huo wanasaikolojia wengi wa Marekani walishikilia kwamba mnyama hujifunza kwa kichocheo na mwitikio tu. Panya akipinda kulia akapata chakula, mazoea ya kupinda kulia huimarika, na akikosa hudhoofika. Kwa maelezo hayo, kichwani mwa panya hakuna picha ya njia wala nia ya safari. Kuna mfululizo wa misuli iliyozoeshwa.

Tolman hakuridhika. Mwaka 1930, pamoja na C. H. Honzik, alitangaza matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo duniani kote. Makundi matatu ya panya yaliingizwa kila siku katika mzingile wenye njia panda 14. Kundi la kwanza lilikuta chakula mwishoni tangu siku ya kwanza. Kundi la pili halikuwahi kukuta kitu. Kundi la tatu halikukuta kitu kwa siku 10, kisha siku ya 11 likawekewa chakula.

Kwa nadharia ya mazoea, kundi la tatu lilipaswa kuanza kujifunza polepole kuanzia siku hiyo. Badala yake, siku iliyofuata makosa yake yalishuka ghafla hadi kulifikia kundi lililokuwa likilishwa tangu mwanzo. Panya hao walikuwa wamejifunza njia siku zote walipokuwa wakizurura. Walichokosa ilikuwa sababu ya kuonyesha wanachokijua.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1932, alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu tabia yenye makusudi kwa wanyama na binadamu. Kwa ucheshi uliokuwa tabia yake, alikitabaruku kwa panya mweupe wa maabara. Mwaka 1937 alikuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani.

Hoja yake haikupita bila upinzani. Mpinzani wake mkuu, Clark Hull wa Chuo Kikuu cha Yale, alijenga nadharia yenye fomula nyingi kutetea maelezo ya mazoea, na mabishano ya pande hizo mbili yalijaza majarida ya kisayansi kwa miaka mingi.

Mwaka 1946 Tolman na wenzake walitoa jaribio jingine. Panya walizoeshwa kufika kwenye chakula kwa njia moja ya kuzunguka. Kisha njia hiyo ikazibwa na badala yake zikafunguliwa njia 18 zilizotawanyika kama miale ya jua. Asilimia 36 ya panya walichagua njia moja tu kati ya hizo, ile iliyoelekea karibu kabisa na mahali chakula kilipokuwa. Ni kama mtoto wa kihambani aliyekuta njia yake imekatwa na maji.

Kupima hofu

Katika maabara hiyohiyo ndipo yalipoota mizizi majaribio ya kupima hofu ya panya kwa tarakimu. Calvin Hall, aliyepitia mafunzo Berkeley chini ya Tolman na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933, aliona kwamba panya anayewekwa peke yake katika uwanja mpana wenye mwanga hujisaidia ovyo, husita kutembea na huacha chakula hata akiwa na njaa.

Mwaka 1934 Hall alieleza namna ya kutumia dalili hizo kama kipimo. Kila siku panya aliwekwa uwanjani kwa dakika chache na dalili zake zikahesabiwa. Kadiri siku zilivyopita na uwanja ukazoeleka, hofu ilipungua. Wapo waliotulia upesi na wapo waliobaki na wasiwasi kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza hofu ya mnyama iliweza kuandikwa katika jedwali na kulinganishwa.

Mwanafunzi mwingine wa Tolman, Robert Tryon, alizalisha vizazi vingi vya panya kwa kuwatenga waliokuwa hodari katika mzingile na waliokuwa wazito. Baada ya vizazi kadhaa makundi hayo yalitofautiana sana, na wengi wakaamini kwamba akili na upumbavu vimerithishwa.

Lakini mwaka 1949 utafiti wa Lloyd Searle, uliowapima panya hao kwa njia nyingi zaidi, ulionyesha kwamba walioitwa wazito hawakuwa wazito katika kila jambo. Sehemu ya tatizo lao ilikuwa woga wa vifaa vya mzingile. Kipimo kilichodhaniwa kuwa cha akili kilikuwa kimepima pia hofu, bila mpimaji kujua.

Kikombe chenye mistari

Jaribio linaloeleza zaidi kumbukumbu ya hofu lilifanywa na mwanafunzi mwingine wa Berkeley, Bradford Hudson, na Tolman akalieleza katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1948 kuhusu ramani za akilini za panya na binadamu.

Hudson alimweka panya mwenye njaa katika kizimba chenye kikombe kimoja cha chakula. Nyuma ya kikombe kulikuwa na ubao wenye mistari myeupe. Panya alipogusa chakula alipigwa na umeme mara moja tu. Aliporudishwa kizimbani, hata baada ya mwezi mmoja, alikikwepa kikombe kile, na baadhi ya panya walikifukia kwa unga wa mbao. Tukio moja lilitosha kuweka kumbukumbu ya muda mrefu.

Hudson akagundua jambo la ajabu. Mara baada ya kupigwa, panya walionekana wakitazama huku na huku, kama wanaotafuta kilichowadhuru. Ndipo alipobadilisha jaribio. Katika sekunde ileile ya umeme, taa zilizimwa, kikombe na mistari vikaondolewa, kisha taa zikawashwa tena.

Walipojaribiwa siku iliyofuata, wengi wa panya hao hawakukitambua kikombe kuwa ndicho chenye hatari. Baadhi walichagua kuogopa kitu kingine kizimbani kisichohusika kabisa. Maumivu waliyakumbuka, lakini walinyimwa nafasi ya kutazama na kujua yalikotoka, na hofu yao ikaangukia pasipo pake.

Kwa Tolman, hapo palikuwa na jambo kubwa kuliko panya. Kama hofu ingekuwa mazoea tu, umeme peke yake ungetosha kufundisha. Ilionekana kwamba hata hofu huwekwa katika ramani, na ramani iliyochorwa gizani huwa na makosa.

Ramani pana na ramani finyu

Katika makala hiyo ya mwaka 1948 Tolman alitofautisha aina mbili za ramani. Ramani pana humwezesha mnyama kupata njia nyingine hali inapobadilika. Ramani finyu humfungia katika njia moja, na njia hiyo ikizibwa hukwama au hurudia kosa lilelile.

Alitaja mambo yanayofinya ramani kuwa ni maradhi ya ubongo, ukosefu wa dalili za kutosha katika mazingira, kukaririshwa njia moja kupita kiasi, na njaa au mfadhaiko uliokithiri. Panya aliyebanwa mno na njaa hutazama mbele tu. Hana nafasi ya kuona vichochoro vilivyo pembeni.

Kisha akageukia binadamu. Alieleza kwamba watu wenye hofu na waliokata tamaa huona adui mahali asipokuwapo, na huhamishia hasira zao kwa makundi dhaifu au ya kigeni. Alitaja chuki ya Wazungu maskini wa kusini mwa Marekani dhidi ya watu weusi kuwa mfano wa hasira iliyopelekwa pasipostahili. Ushauri wake ulikuwa kwamba wazazi na walimu wahakikishe watoto hawalelewi katika njaa, vitisho na mfadhaiko uliopita kiasi, ili wapate utulivu wa kuitazama dunia kwa upana.

Maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyekwishaona vita vikuu viwili. Mwaka 1942 alikuwa ametoa kitabu kuhusu misukumo ya kisaikolojia inayoleta vita, na kati ya mwaka 1944 na 1945 alilitumikia taifa lake katika idara ya serikali ya ujasusi wa wakati wa vita. Alikuwa mpenda amani, lakini hakuwa mtu wa kukaa pembeni.

Kiapo

Mwaka mmoja tu baada ya makala hiyo, hofu iliingia katika chuo chake mwenyewe. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na Marekani ilikuwa imeshikwa na woga wa Wakomunisti waliodhaniwa kujificha serikalini, katika filamu na vyuoni.

Mwaka 1949 bodi ya Chuo Kikuu cha California iliagiza kila mwalimu atie saini kiapo maalumu cha kukana itikadi hiyo. Asiyetia saini angepoteza kazi. Walimu walikuwa tayari wamekula kiapo cha kulinda katiba, kama watumishi wengine wa umma, na wengi waliona agizo hilo kuwa ni dharau na kitisho.

Tolman hakuwa Mkomunisti. Alikataa kutia saini kwa sababu aliamini kuwa mwalimu hapaswi kuthibitisha fikra zake mbele ya mwajiri ili aruhusiwe kufundisha. Akawa kiongozi wa walimu waliokataa.

Wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, ana jina kubwa na uwezo wa kujikimu. Alijua kwamba walimu vijana wenye watoto wadogo hawakuwa na nafasi hiyo. Kwa hiyo aliwashauri watie saini na waendelee na kazi, na kuwaachia mapambano wale walioweza kuyagharamia. Ushauri huo umekumbukwa kuliko hotuba nyingi za wakati ule, kwa kuwa hakuwatwisha wengine mzigo ambao yeye aliumudu.

Agosti 1950 bodi ilipiga kura. Kwa kura 12 dhidi ya 10, walimu 31 waliokataa waliachishwa kazi, Tolman akiwa miongoni mwao. Gavana wa jimbo, Earl Warren, aliyekuwa mjumbe wa bodi kwa wadhifa wake, alikuwa upande wa walioshindwa.

Walimu hao walikwenda mahakamani, na kesi ikabeba jina la Tolman. Aprili 1951 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi. Oktoba 1952 Mahakama ya Juu ya California nayo iliamua kuwa kiapo cha chuo ni batili na ikaamuru warejeshwe.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na mipaka. Mahakama haikujikita katika uhuru wa fikra. Ilisema tu kwamba suala la viapo vya watumishi lilikwishatungiwa sheria na jimbo, hivyo chuo hakikuwa na mamlaka ya kuweka kiapo chake. Sheria hiyo ya jimbo, iliyopitishwa mwaka 1950, ilikuwa na kiapo chake, na waliotaka kurudi walitakiwa kukikubali. Madai ya mishahara yao yaliendelea hadi mwaka 1956.

Katika miaka ya kuwa nje, Tolman alifundisha kwingineko, ikiwamo Harvard alikosomea. Alistaafu Berkeley mwaka 1954. Mwaka 1957 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilimpa tuzo ya mchango wake katika sayansi, na mwaka 1959 chuo kilichomfukuza kikamtunuku shahada ya heshima. Alifariki dunia mjini Berkeley Novemba 19, 1959, akiwa na umri wa miaka 73.

Kazi baada ya kifo

Alipofariki, wengi waliona ramani ya akilini kuwa tamathali nzuri isiyo na ushahidi ndani ya ubongo. Hali ilibadilika mwaka 1971, wakati John O'Keefe, akifanya kazi London, alipotangaza kuwa amepata seli katika sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi ambazo huamka panya anapofika mahali fulani tu. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser nchini Norway walieleza seli nyingine zinazogawa eneo kama mistari ya ramani. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Upimaji wa hofu nao uliendelea kukua. Mwaka 1955 K. C. Montgomery alionyesha kuwa panya huvutwa na udadisi na kuzuiwa na woga kwa wakati mmoja, anapochagua kati ya kichochoro chenye kuta na kilicho wazi. Kutokana na wazo hilo, katikati ya miaka ya 1980 ulikamilishwa mzingile wa umbo la msalaba, unaoinuliwa kiasi cha sentimeta 50 kutoka sakafuni.

Mikono miwili ya msalaba huo ina kuta na miwili haina. Panya huwekwa katikati kwa dakika tano. Mwenye wasiwasi hujibanza penye kuta, na aliyetulia huthubutu kutembea penye uwazi. Dawa za jamii ya diazepamu, ambazo hutumika hospitalini kutuliza wasiwasi, humfanya panya akae zaidi katika mikono iliyo wazi, na hivyo chombo hicho kikawa mlango wa kuzijaribu dawa mpya.

Watafiti hata hivyo huonya kwamba kipimo hicho kina udhaifu. Mwanga wa chumba, mshiko wa mtafiti na uzoefu wa panya hubadili matokeo, na dawa nyingi zilizofanya vizuri kwa panya hazikufua dafu kwa binadamu. Panya hawezi kueleza anachohisi. Kinachopimwa ni mwendo wake, na hofu yenyewe hukisiwa.

Nchini Tanzania, panya wanaojulikana zaidi kwa mafunzo ni panya buku wa shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa huko na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kabla ya kufa Januari 2022. Panya hao huzoeshwa watu, sauti na mazingira tangu wakiwa wachanga, kwa kuwa panya mwenye hofu hafanyi kazi.

Kuhusu watoto, somo la Tolman halijazeeka. Kanuni za elimu za mwaka 2002 nchini ziliruhusu viboko visivyozidi vinne kwa mwanafunzi, kwa idhini ya mkuu wa shule, na mjadala juu ya adhabu hiyo umeendelea miaka yote. Jaribio la Hudson halikuhusu shule, lakini linauliza swali ambalo kila mwalimu anaweza kujiuliza. Mtoto anayechapwa bila kuelewa kosa lake atakumbuka maumivu. Kitakachoogopwa kinaweza kuwa kosa, au kikawa somo, au mwalimu, au shule nzima.

Jengo la saikolojia lililopewa jina la Tolman huko Berkeley lilibomolewa mwaka 2019, baada ya kuonekana kuwa si salama iwapo litatokea tetemeko la ardhi. Majaribio yake yamebaki, na kesi iliyobeba jina lake bado husomwa na wanasheria wa Marekani.